Mamake Rufo na Watu wa Eastlands

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi inawakumbuka watu wachache mno kwa majina. Mbotela ni Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa, iwe Ofafa Jericho au Ofafa Maringo, ni diwani Ambrose Ofafa, naye aliuawa katika miaka hiyo hiyo ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Wawili hao walipewa mitaa na serikali ya kikoloni iliyotaka ijulikane wazi nani alikuwa rafiki yake. Mitaa mingine ilipata majina ya matumaini, kama Bahati, Umoja na Uhuru, au majina ya Biblia, hata ikawezekana mtu kuzaliwa Jerusalem na kuoa Jericho bila kupanda matatu. Halafu ipo Kariokor, mtaa wenye jina la kikosi kizima cha watu wasiotajwa hata mmoja.

Ukristo unasema nini kuhusu mtu aliyeishi, akafanya kazi, akalea, akafa, na asiachie historia hata mstari mmoja? Na familia yake inarithi nini, ikiwa hakuacha shamba, hati wala jina la kutajwa? Eastlands, maswali haya hayajawahi kuwa ya wanateolojia peke yao. Mitaa hii ilijengewa matarishi, wafanyakazi wa reli, wafagiaji wa jiji, wapishi na mayaya wa nyumba za Wazungu. Wajukuu wao ndio mama mboga, makanga, mafundi wa jua kali na walinzi wa usiku wanaojaza makanisa kila Jumapili. Mhubiri huwaambia kwamba kila nafsi ina thamani mbele za Mungu. Baada ya muda mfupi matangazo yanaanza, mheshimiwa anatambuliwa, anasimama, anapungia mkono, na kila mtu anajua tena nani ni nani.

Mimi nadhani makanisa ya Eastlands yana mafundisho sahihi mkononi, tena yana mila nzuri za kuyatekeleza. Yanayaharibu mahali pawili: yanapopima maisha ya mzazi kwa mafanikio ya mtoto, na yanapowatisha watu kwa historia ya koo zao wenyewe. Lakini kwanza Kariokor.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, magari hayakuwa na barabara na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa magonjwa ya mbung'o. Jeshi la Waingereza likategemea vichwa na mabega ya watu. Kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndiyo iliyouzaa mtaa wa Kariokor. Wachache walijitolea. Wengi walikusanywa vijijini na machifu, hasa ilipotangazwa sheria ya kuwaandikisha kwa lazima. Hesabu rasmi ya waliokufa inapita 40,000, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba walifika 100,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mishahara ya maelfu haikudaiwa na mtu, kwa kuwa aliyepaswa kuidai alikuwa amezikwa kando ya njia, na Hazina ya London ikakataa kuiachilia itumike kwa faida ya jamii walizotoka.

Mwaka 1928 sanamu za shaba za askari na mpagazi zilizinduliwa kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Zipo hadi sasa, na watu huzipita wakikimbilia stejini. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao hawatayasahau majina yao. Aliyeahidi hivyo ni dola iliyokuwa imeshaamua kutoyaandika majina yenyewe. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Kanisa lilikuwa ndani ya jambo hili la wapagazi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza wapagazi mwenyewe mwaka 1916, akitembea nao. Mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti huko Thogoto aliwakusanya waumini na wanafunzi wa misheni katika kikosi chao, ili wasichanganywe na umati wa kambini. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuwapeleka vitani, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo, kikosi hicho kilipoteza watu wachache kuliko vingine, na yawezekana sehemu ya sababu ni kwamba waliokiongoza waliwajua watu wao kwa majina.

Katika sura ya 15 ya Injili ya Marko yupo mpagazi mwingine. Simoni wa Kirene, mji uliokuwa Afrika Kaskazini katika Libya ya leo, anatoka zake shambani, na askari wa dola wanamshurutisha abebe msalaba wa mtu aliyehukumiwa kufa. Hasemi neno. Marko anaongeza habari moja tu, kwamba alikuwa baba wa Iskanda na Rufo. Kwa mwendo wa kisa habari hiyo haina kazi yoyote, ila kama wasomaji wa kwanza waliwajua vijana hao. Kisha Paulo, akifunga waraka wake kwa Warumi kwa salamu nyingi, anamsalimu Rufo pamoja na mamake, na kusema kwamba mama huyo amekuwa mama kwake pia. Kuna wafafanuzi wengi wanaoona kwamba huenda Rufo ni yule yule, ingawa hakuna anayeweza kuthibitisha. Ikiwa ndivyo, tunayo familia nzima: baba aliyekamatwa barabarani, wana waliojulikana kanisani, na mwanamke ambaye Biblia haikumpa hata jina, lakini aliwahi kumpikia mtume, au kumfulia, au kumuuguza. Angeishi Maringo angeitwa Mama Rufo, na wapangaji wengi wangehama bila kujua jina lake la ubatizo.

Watu wa namna hii wamejaa katika Biblia na sitawapitia wote. Yatosha ukoo wa Yesu unaofungua Injili ya Mathayo. Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria hupata mahubiri kila mwaka kwa kuwa visa vyao vina moto. Azori, Sadoki, Akimu na Eliudi je? Nani aliwahi kusikia mahubiri juu ya Akimu? Waliishi baada ya uhamisho, nyumba ya Daudi ikiwa haina kiti cha enzi wala jeshi, na jambo pekee linalojulikana juu yao ni kwamba walizaa na uzao ukaendelea. Yesu mwenyewe aliishi karibu miaka 30 Nazareti, na baada ya habari za utoto wake Injili zinatupa safari moja tu ya Yerusalemu alipokuwa na umri wa miaka 12. Alikuwa fundi kwa miaka mingi kuliko alivyokuwa mhubiri. Anayesadiki kwamba Mungu alitwaa mwili hana budi kusadiki pia kwamba aliutwaa katika miaka ile isiyosimuliwa, alipokuwa akipima mbao na kudai malipo yake kwa wateja wagumu.

Kwa Mwafrika, hoja ya jina ina uzito wa ziada. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki 2019, aliandika katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, kwa vizazi vinne au vitano hivi. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu naye hutumbukia katika Zamani. Wasomi wamembishia sana Mbiti, hasa kwa kuchukua lugha chache na kuzifanya zisemee bara zima. Kuhusu hofu ya kusahauliwa, hakukosea. Asiye na mtoto alikuwa katika hatari ya kufa mara mbili. Hapo Injili ilileta habari mpya kwelikweli, kwamba kumbukumbu ya kutegemewa ni ya Mungu, wajukuu wawepo au wasiwepo. Padri Charles Nyamiti wa Tanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alimweleza Kristo kuwa Mhenga wetu. Ukifuata hoja hiyo unapata ukoo mpya wenye nafasi ya tasa, yatima, na mpagazi aliyeachwa porini.

Je, kanisa la Nairobi lilitoa nafasi hiyo? Pumwani inatoa jibu lisilopendeza. Miaka ya 1920 Pumwani ilipokuwa ikipangwa kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, miongoni mwa waliojenga nyumba humo walikuwemo wanawake waliojitegemea, wengine wakiwa wamepata mtaji wao kwa ukahaba. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa mtaa na kuandika habari za wanawake hao katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Wengi walisilimu. Uislamu wa Pumwani ulimpa mwanamke aliyetengwa na kwao jina jipya, majirani wa kumwosha na kumzika, na binti wa kulea ambaye angemwachia nyumba. Misheni ilianza kwa kuuliza habari za ndoa. Ilikuwa ikimhubiri Rahabu kwenye mimbari huku Rahabu mwenyewe akiishi jirani, na haikujua imketishe benchi gani. Kituo cha St John's kilianzishwa hapo hapo Pumwani mwaka 1957 na kikaja kufanya kazi kubwa na vijana wa mtaa, lakini wengi wa wanawake wale wa kwanza walikuwa wameshazikwa na wengine.

Upande wa pili wa mizani upo ukoo wa Mbotela wenyewe. Mwaka 1875 wamisheni wa Kianglikana wa CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watumwa waliokombolewa. Watu hao walikuwa wamepokonywa kila kitu ambacho Mbiti angekiita kumbukumbu: kijiji, wazee, makaburi, mara nyingine hata lugha. James Juma Mbotela, mwana wa jamii hiyo, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Katika ukoo huo ndimo alimotoka Tom, ambaye mtaa ulipewa jina lake, na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Je, Huu ni Ungwana?, aliyefariki Februari 2025. Kitabu cha James kimelaumiwa kwa kuwasifu mno Waingereza, na Tom aliuawa kwa kuonekana mpole kwao kupita kiasi. Urithi wa imani haukuwafanya wasiwe na utata. Ulichofanya ni kwamba watu waliouzwa kama bidhaa walipata mahali pa kuandikwa upya kama baba, mama na watoto, na kizazi cha pili kikashika kalamu kuwasimulia wa kwanza.

Sasa pita Eastlands Jumapili mchana, usikilize kinachohubiriwa kuhusu koo. Kuanzia viwanja vya Kamukunji hadi mahema ya Kayole, mahubiri yenye wateja ni ya kuvunja laana za ukoo. Muumini anaulizwa: nyumbani kwenu nani alikuwa mganga? Nani alijinyonga? Mashangazi wangapi hawakuolewa? Majibu yanaandikwa, yanaombewa, na mara nyingi yanafuatwa na mbegu ya kupandwa, yaani pesa. Mtu aliyeingia akiwa na nyanya anatoka akiwa na adui.

Nakiri kwamba mahubiri haya yanagusa kitu cha kweli. Ulevi hurithiwa, kipigo hurithiwa, na umaskini ndio hurithiwa kuliko vyote. Tena wahubiri hawa angalau wanaichukulia familia kwa uzito, tofauti na wale wanaohubiri kana kwamba kila mtu aliota peke yake kama uyoga. Tatizo ni utambuzi wa ugonjwa. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likiwasaka Mau Mau, likapekua mitaa hii hii nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Fikiria nyumba moja ya Bahati au Shauri Moyo: baba amechukuliwa na kurudi baada ya miaka akiwa mtu mwingine, mama amefukuzwa jijini na kurudishwa katika hifadhi ya Waafrika mashambani, watoto wameacha shule. Kizazi cha tatu kikikosa karo na kunywa chang'aa, mhubiri anasema kuna madhabahu ya giza nyumbani kwao. Kuna historia nyumbani kwao, ila hakuna aliyewahi kuwasimulia.

Na Biblia haiwaungi mkono wahubiri hawa kama wanavyodhani. Kutoka 20 inataja uovu kupatilizwa hadi kizazi cha tatu na cha nne, naam, lakini sentensi hiyo hiyo inaendelea hadi rehema kwa maelfu, na sehemu hiyo haisomwi. Ezekieli sura ya 18 inaipiga marufuku methali ya baba aliyekula zabibu kali na meno ya watoto yakaumia. Wanafunzi walipomwonyesha Yesu kipofu na kumuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa yote mawili. Paulo alipotaka kumtia Timotheo moyo alimkumbusha imani ya nyanyake Loisi na mamake Eunike. Hakumpa orodha ya mababu wa kukanwa.

Mila nzuri nilizozitaja ni zipi? Mojawapo ni ushuhuda. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937, ulimpa mpishi haki ya kusimama mbele ya askofu na kusimulia maisha yake kwa dakika tano, na askofu akasikiliza kwa kuwa zamu yake ingefika. Katika jamii iliyomwita mpishi huyo boi hata akiwa na mvi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Siku hizi ushuhuda umewekewa mwisho wa lazima. Unaanza na shida na kuishia kwenye kazi, viza, ploti au mtoto. Mwenye kuomba miaka mingi na asipate hana zamu kwenye programu, na nikisikiliza mashahidi wengi nashuku kwamba wameshajifunza kukata kisa kabla hakijarudi kuwa kichungu.

Nyingine ni jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Familia kumi au ishirini hukutana kila wiki kwa zamu nyumbani kwa mwenzao. Nyumba ya kanjo ya chumba kimoja hupokea watu kumi na watano, kitanda kinakuwa benchi, jiko linatolewa nje. Mwenye nyumba ambaye parokiani ni sura tu, hapa ndiye mwenyeji. Novemba wanapotaja marehemu wao, majina ya watu ambao hawakuwahi kuandikwa popote husikika kwa sauti kubwa hadi kwa jirani. Waprotestanti wengi hawawaombei wafu, na wana sababu zao za kiteolojia, lakini sioni sababu ya kutowataja.

Kisha kuna matanga, na hapa nitakaa kidogo. Mkazi wa Jericho akifa, jioni ile ile viti vya plastiki hutokea kati ya safu za nyumba. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina huchaguliwa, simu ya kupokelea michango hutajwa, na kwa wiki nzima watu hukutana kuchangia jeneza, basi na bili ya hospitali, kwa kuwa wengi bado husafirishwa ushago. Katikati ya pilikapilika hizo mpwa mmoja hupewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Anaenda saiba na karatasi yenye tarehe alizopewa na shangazi, mbili kati yake zikipingana. Picha ni ile ya kitambulisho, imekuzwa hadi uso ukafifia. Maneno ni yale yale: alizaliwa, alisoma hadi darasa la nne, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto sita, aliugua kwa muda mfupi. Ikiwa mama huyo aliuza mboga sokoni kwa miaka 30, wasifu utasema alikuwa mfanyabiashara. Hautasema kwamba alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda soko la Wakulima kuchukua mzigo, wala kwamba alikuwa na daftari la madeni ya majirani ambalo hakulifunga, wala kwamba watoto wawili kati ya wale sita hakuwazaa yeye.

Yaani wasifu unaacha hasa yale ambayo Ukristo ungeyaita matendo ya huruma. Unaacha kwa sababu mwandishi anadhani si mambo ya kuandika. Kisha hotuba zinaanza, na mwanasiasa ambaye hakumjua marehemu anapewa kipaza sauti kwa dakika 40. Marehemu hupewa sentensi moja ya heshima: alimsomesha mwanawe hadi akawa daktari.

Sentensi hiyo ndiyo ninayogombana nayo. Haina ubaya kama shukrani. Ikigeuzwa kuwa kipimo inakuwa sumu, maana inasema maisha yasiyoonekana yana thamani kwa kuwa hatimaye yalizaa yanayoonekana. Na mama ambaye mwanawe hakuwa daktari? Benna Buluma, aliyejulikana Mathare nzima kama Mama Victor, alipoteza wana wawili, Victor na Bernard, waliouawa kwa risasi katika msukosuko uliofuata uchaguzi wa Agosti 2017. Aliwakusanya akina mama wengine waliofiwa na watoto wao mikononi mwa polisi, akawa mratibu wa mtandao wao, na akaendelea kuyataja majina ya wanawe katika kila mkutano uliompa nafasi. Aprili 2024 mafuriko ya Mathare yalimuua. Kwa kipimo cha mwana daktari, maisha hayo yameshindwa. Kwa kipimo cha Biblia yana mfano wake: Rispa binti Aya, suria wa Sauli, aliyekaa juu ya mwamba akizilinda maiti za wanawe dhidi ya ndege mchana na wanyama usiku, hadi Mfalme Daudi alipopata habari, akaamuru mifupa izikwe. Rispa hakuzaa mfalme. Sijawahi kukuta kanisa la Eastlands lenye kikundi cha akina mama kilichopewa jina lake, na ningependa kulikuta.

Kuna mtu mmoja ambaye hutajwa kila hoja hii ya maisha yasiyoonekana inapozuka. Edward Carey Francis alikuwa mkuu wa shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, akiwafundisha waliokuja kuwa mawaziri wa Kenya huru. Alipostaafu alikwenda kufundisha Pumwani, akiwa mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki mwaka 1966. Ni kisa kizuri na kinastahili kusimuliwa. Lakini angalia tunavyokisimulia: tunamsifu kwa kushuka hadi Pumwani, na walimu wenzake wa Pumwani, ambao hawakuwa na mahali pa kushukia, hatuwataji kamwe.

Muda wa kuwaandika watu hawa nao hautoshi. Familia nyingi za mitaa hii ya zamani hazina hati ya kumiliki chochote. Zina nyumba ya kanjo ambayo babu aliipanga, baba akaendelea kuilipia kodi, na risiti bado zina jina la mtu aliyezikwa zamani. Nyumba za Pangani zimeshabomolewa zikapisha maghorofa, na mipango ya mitaa mingine ipo mezani. Sipingi watu kupata choo cha ndani. Lakini nyumba zikianguka na wazee wakitawanyika kwenda Utawala, Ruai au ushago, madaftari ya ubatizo na ndoa yaliyo katika makabati ya makanisa ya Eastlands yatakuwa ndiyo orodha pekee iliyowahi kumwandika tarishi, yaya na mpishi kwa jina lake kamili, wazazi wake na wasimamizi wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa mapadri, wachungaji na mabaraza ya makanisa. Pigeni picha madaftari hayo, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya mchwa na wakandarasi. Tengeni Jumapili moja ya Novemba msome majina ya waumini wenu wa kwanza kutoka kwenye madaftari hayo, na siku hiyo mheshimiwa asipewe kipaza sauti. Na wewe msomaji, wasifu ujao ukikuangukia wewe kuuandika, usianze na tarehe za shangazi. Nenda kwanza kwa jirani wa mlango wa pili, umuulize marehemu alimfanyia nini, kisha uandike hivyo hivyo atakavyosema.